Barua Iliyosema Nimeungua

Mwaka wa tatu wa kusomea ubingwa wa upasuaji nilikwenda kwenye harusi ya binamu yangu, nikawekwa benchi la mbele kwa heshima ya udaktari. Mchungaji akauliza kama kuna mwenye pingamizi asimame aseme. Nikasimama nikasema, "Anayefuata aingie." Kanisa zima liligeuka kunitazama. Bwana harusi, ambaye hatukuwa tumefahamiana, alianza kutokwa jasho. Mama alinivuta sketi nikaketi, akawaeleza waliokuwa karibu kwamba mtoto anasoma sana.

Sikuwa ninasoma sana. Nilikuwa silali. Daktari anayesomea ubingwa, ambaye wenyewe tunaitana rezidenti, ni mtu aliyekwisha kuwa daktari kamili, akaheshimika, akazoea kula chakula cha mchana, kisha kwa hiari yake mwenyewe akarudi kuwa mtoto wa shule. Mabingwa wanamtuma, wauguzi wanamtafuta, wagonjwa wanamngoja, na mtihani hausogezwi mbele hata siku moja. Nilikuwa naingia zamu Jumatatu asubuhi na kutoka Jumanne jioni. Nilimwuliza muuza nyanya maumivu yalianza lini. Nilipiga mswaki kwa dawa ya fangasi. Haya tulikuwa tunasimuliana na wenzangu tukicheka, kwa sababu kila mmoja alikuwa na yake.

Lipo moja sikumsimulia mtu. Mzee mmoja wa wodi yangu, niliyemhudumia wiki tatu na aliyekuwa akiniita mjukuu, alifariki asubuhi moja nikiwa nimesimama miguuni pake. Wazo la kwanza lililonijia lilikuwa: kitanda kimepatikana. Nilifurahi. Kweli kabisa, nilifurahi, nikatoka kwenda kumtafuta mgonjwa wa kukilalia. Nilipofika katikati ya korido ndipo nilipojisikia, nikaogopa. Siku hiyo niliamua kuacha. Sikutaka kuwa bingwa wa aina hiyo. Nilipanga nimalize muhula, nimwambie mama, nikafungue duka la dawa mahali pasipo na wodi.

Kabla sijamwambia mama, profesa, mkuu wa idara yetu, alirudi kutoka mkutanoni ng'ambo akiwa na jambo jipya. Kumbe uchovu wetu una jina. Alituita ukumbini Jumamosi, siku pekee ambayo nusu yetu hatukuwa zamu, akatufundisha kwa saa tatu juu ya umuhimu wa kupumzika. Jina lenyewe ni la Kiingereza, na ukilitafsiri neno kwa neno unapata kitu kama kuungua mpaka kwisha. Kisha tukapewa dodoso la kujaza. Wenzangu walijaza kijanja, kama watu wanaojibu usaili wa kazi. Mimi nilikuwa nasinzia, na mtu anayesinzia hana nguvu za kudanganya. Majibu yalipotoka nilikuwa wa kwanza darasani, kwa mara ya kwanza tangu nianze ubingwa.

Profesa ni mtu mwema. Aliamua nipelekwe miezi mitatu kwenye hospitali ndogo mkoani Mara, upande wa Tarime, nikapumzike na kuvuta hewa safi. Hakujua, au alikuwa amesahau, kwamba upande huo ndiko watu wa kila mkoa walikokuwa wamehamia kufukua dhahabu.

Barua ya utambulisho iliandikwa na katibu muhtasi wa idara. Profesa alimwachia maelezo kwa Kiingereza, na barua ya kikazi lazima iwe kwa Kiswahili, basi dada wa watu akatafsiri alivyoweza. Nilikabidhiwa ikiwa ndani ya bahasha iliyogongwa muhuri wa SIRI, na mimi siri za watu sifungui. Nilikuja kuisoma baadaye sana, lakini naiweka hapa ili msomaji awe mbele yangu. Ilisema: "Daktari tajwa hapo juu, baada ya kupimwa, amebainika kuungua. Tunaomba apewe kazi nyepesi, asikeshe, apate lishe bora, na taarifa zake zitunzwe kwa usiri mkubwa ili kumwepusha na unyanyapaa."

Mtu aliyekaa mitaani anajua kuungua maana yake nini. Ni sawa na kukanyaga waya. Ni kusema mtu ana virusi vya Ukimwi bila kutaja virusi wala Ukimwi.

Hospitali yenyewe siitaji. Ilikuwa kilimani, kati ya migomba na mashamba ya mihogo, umbali wa kusikia karasha za kusagia mawe zikinguruma huko chini upande wa Nyangoto. Huko kulikuwa na mgodi mkubwa wenye uzio, na nje ya uzio kulikuwa na watu wengine wote. Wachimbaji huita rashi: habari ikivuma kwamba shimo fulani limetema dhahabu, kila mtu anaacha alichokuwa anafanya na kukimbilia huko. Dereva wa gari la wagonjwa alikuwa ameacha ufunguo mezani akaenda. Mpishi wa hospitali alikwenda. Mwalimu wa hesabu wa shule ya jirani alikwenda, akaacha swali la sita ubaoni bila jibu. Watumishi waliobaki kila mmoja alikuwa na kazi ya watu watatu, nami sikuliona hilo, kwa sababu nilikuwa na shughuli ya kujihurumia.

Mganga mfawidhi, yaani mkuu wa hospitali, aliisoma barua mara mbili. Akavua miwani, akafunga dirisha, akashusha sauti.

"Karibu sana, daktari. Hapa uko nyumbani. Una muda gani tangu ujue?"

"Kama miezi miwili. Ila nafikiri ilianza zamani, mwaka wa kwanza kabisa wa ubingwa."

"Na unajua umeitoa wapi?"

"Kwa mabingwa wangu," nikasema, na nilimaanisha. "Hasa profesa."

Kalamu ilimdondoka. "Huyu huyu aliyeweka sahihi hapa?"

"Huyo huyo. Lakini ni mtu mwema, simlaumu."

Akaiokota, akasema nina moyo mkubwa. Kisha akamwita metroni, mkuu wa wauguzi, akamkabidhi mimi na barua. Barua ikaenda masjala kwenye jalada, na ikishafika masjala siri inakuwa ya wote. Sifa moja ya watu wale ni kwamba waliitunza. Walijua wote, na hakuna aliyenitajia.

Metroni alikuwa mwanamke wa Kikurya, mrefu, mwenye sauti ya kusimamisha ng'ombe. Mimi ni mtu wa Singida. Kwetu mtu akikupenda anapunguza sauti. Kule nilichelewa kuelewa kwamba nabembelezwa. "Wewe. Kaa hapo. Kula." Hiyo ndiyo ilikuwa karibu yake. Nikala. Uji wa ulezi uliochanganywa na karanga na maziwa, kikombe kikubwa cha bati, saa nne asubuhi na saa kumi jioni. Mayai mawili kila siku. Samaki sato kutoka Musoma. Nikisema nimeshiba anaketi mbele yangu, anakunja mikono na kungoja.

Kila Ijumaa alinipandisha kwenye mizani ya kliniki mbele ya wauguzi wawili. "Kilo mbili zimeongezeka," anatangaza, nao wanaitikia kwamba Mungu ni mwema. Nilidhani ni mila. Nilifikiri kwa watu wa mifugo mgeni naye hupimwa, ili ijulikane kwamba ametunzwa, nikaona ni mila nzuri, nikampigia dada yangu simu kumsimulia.

Jioni ya kwanza alikuja chumbani kwangu na chupa ya maziwa, akafunga mlango.

"Unakunywa?" akauliza.

Mimi nikajibu juu ya maziwa. "Nakunywa, mama."

"Saa ngapi?"

"Saa mbili usiku, kabla ya kulala."

"Hurukagi?"

"Hata siku moja. Nikiruka mwili wenyewe unaniambia."

Alinishika bega. "Ukiendelea hivyo utatuzika sisi wote," akasema, nikaona kumbe watu wa huku wanayaheshimu maziwa kweli.

Kazi yangu ilikuwa kukaa chumba namba mbili na kuandika dawa za kikohozi na minyoo. Chumba cha upasuaji sikuruhusiwa hata kuchungulia. Wenyewe walijua vizuri, kama ninavyojua mimi, kwamba mwenye virusi akitumia dawa sawasawa anafanya kazi yoyote. Ila barua imesema nyepesi, ina muhuri, na metroni hakuwa mtu wa kubishana na muhuri. Nikisogelea mlango ule ananyoosha kidole kuelekea chumba namba mbili.

Sikulalamika. Nililala. Nililala magharibi nikaamka jua limeshapanda. Usiku hakuna aliyenigongea. Majeruhi kutoka mashimoni walikuja usiku kama mchana, nilisikia kelele zao kwa mbali, nikajigeuza upande wa pili. Alikuwepo daktari msaidizi, kijana mpole wa Kijaluo kutoka Shirati, aliyekuwa akiniamkia dada. Kila jioni nilipokuwa nafunga chumba changu alikuwa anapita kuelekea wodini, na kila jioni alisema neno lilelile: "Dada, wewe lala. Mimi nipo." Macho yake yalikuwa mekundu siku zote. Nilidhani ni vumbi la karasha.

Mwezi wa kwanza ulipoisha nguo zote zilinibana. Nilikwenda Tarime mjini kwa fundi cherehani aliyewashonea wauguzi wetu sare, mzee wa Kiislamu ambaye marehemu baba yake alitoka Tanga.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, binti yangu." Alinizungushia futi kiunoni, akaitazama, akatabasamu mpaka nikaona meno ya nyuma. "Alhamdulillahi. Umerudi."

"Sijawahi kufika hapa, baba."

"Umerudi mwilini, nasema. Tunakuombea dua hapa."

Nilitoka pale nikishangaa. Nilikuwa nimeambiwa watu wa huku ni wakali, na sasa nakuta mpaka mafundi cherehani wanaomba dua ili rezidenti anenepe.

Ulipoingia mwezi wa tatu metroni aliona sasa nimefikia hatua ya kutafutiwa mtu. Aliniambia hivyo nikiwa juu ya mizani, mahali ambapo huwezi kukimbia. "Yuko mmoja Sirari. Wakala wa forodha. Ana akili, hanywi pombe, mke alifariki. Tena ni wa hali yako."

"Hali yangu ipi, mama?"

"Hiyo yako. Yeye anaelewa."

Nilifikiria malori yaliyopanga foleni mpakani, karatasi, mihuri ya nchi mbili. Nikasema moyoni, bila shaka naye amechoka. Nilitaka sana kuongea na mtu aliyechoka kama mimi. Jumapili nikaenda.

Tulikaa kwenye kibanda cha nyama choma, jua la saa saba, hatua chache kutoka kwa wabadilisha fedha. Alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka mikunjo ikasimama. Alikulia Isebania, upande wa Kenya, na Kiswahili chake kilikuwa cha ng'ambo ya pili ya geti.

"Si metroni alikuambia mimi niko na mwaka wa saba?" akaanza.

"Aliniambia. Pole sana. Wewe ilianzaje?"

"Nilianza kukonda tu. Usiku silali. Nikadhani ni stresi ya kazi."

"Hata mimi."

"Lakini saa hii niko fiti kabisa. Ni kujikubali."

Hapo ndipo moyo ulinilegea. Nilikuwa sijapata kumwambia mtu, na huyu alikuwa na uso wa kuambiwa. "Mimi nimeamua kuacha," nikasema.

Aliweka mfupa chini. "Kuacha?"

"Nikiondoka hapa naacha. Hata mama yangu hajui."

"Wacha mchezo, daktari. Mimi niliacha mara moja, miezi minne tu. Nilipelekwa hospitali nimebebwa na shuka."

"Kwa sababu uliacha?"

"Sasa kwa sababu gani ingine?"

"Basi tumetofautiana. Mimi nikiendelea ndiyo nitakufa. Nikiacha nitapona."

Alisukuma sahani pembeni. "Ni mchungaji gani amekudanganya? Huyu wa maji ama yule wa mafuta?"

"Hakuna mchungaji. Nimefikiri mwenyewe. Nitafungua duka la dawa."

"Uuzie watu dawa, na wewe mwenyewe hunywi?"

"Ninywe za nini?"

Tulitazamana. Lori moja lilipiga honi na hakuna kati yetu aliyegeuka. Kisha akainama, akanitajia ugonjwa wake kwa sauti ndogo, na akanitajia nani kamwambia kwamba na mimi ninao, na kwamba ipo barua.

Nilianza kucheka. Nikauona uso wake, nikaacha. Mtu alikuwa amepiga pasi shati, amefika kabla ya saa, akitegemea kukutana na mwenzake wa kunywa naye dawa uzeeni, na huyo mwenzake hayupo. Niliona aibu mpaka masikio yakapata moto. Nikamwomba radhi. Alichukua mfupa wake, akautafuna taratibu.

"Kwa hivyo wewe umechoka tu," akasema hatimaye.

"Nimechoka."

"Na wanakupa mayai?"

"Mawili kwa siku."

"Mimi mwaka wa saba, sijawahi pewa hata moja." Ndipo yeye mwenyewe akacheka, akacheka mpaka akafuta macho kwa leso, nami nikapata ruhusa. Aliponisindikiza alisema siri yangu, kwamba sina virusi, ataitunza, ila niwaambie mapema kabla sijanenepa zaidi. Kuhusu kuacha kazi hakuwa na ushauri. "Ya kwangu dawa yake naijua, iko saa mbili usiku. Ya kwako sijui," akasema, na nikampenda kwa sababu hakujifanya anajua.

Jumatatu nilikwenda masjala nikaomba jalada langu. Karani alinipa kwa mikono miwili, akatazama kando nisome. Nilisoma ile barua nikiwa nimesimama, halafu nikaisoma nikiwa nimeketi.

Ningekuwa mtu mwaminifu ningekwenda kwa metroni saa ileile. Sikwenda. Nilikunywa uji wa siku kumi zaidi nikiwa najua. Mtu anayedhani unapigania uhai, unamwendeaje kumwambia kwamba ulikuwa na usingizi tu? Na tena kulikuwa na uchungu ndani yake. Ugonjwa waliodhani ninao una kliniki, una kadi, una siku yake ya wiki, una mtu wa kukuuliza kama umekunywa. Mimi nilitumia miaka mitatu nikizama katika hospitali kubwa yenye maprofesa, na swali lile la "unakunywa?" sikuwahi kuulizwa na mtu, hata la maji. Nilitamani kuendelea kuulizwa. Na uamuzi wangu haukuwa umebadilika. Zilikuwa zimebaki wiki mbili, kisha duka la dawa.

Siku ya kumi ilikuwa Jumatano. Saa nne asubuhi, nikiwa na kikombe mkononi, wachimbaji kama kumi na tano walipanda kilima wakiwa wamembeba mwenzao juu ya bati. Udongo ulikuwa umemporomokea ndani ya shimo. Mganga mfawidhi alikuwa Mugumu kwenye harusi ya mpwa wake. Gari la wagonjwa lilikuwepo, ila dereva alikuwa bado anatafuta utajiri. Nilimgusa yule mtu tumbo, lilikuwa gumu, mapigo ya moyo yanakimbia, midomo imekuwa myeupe. Bandama ilikuwa imepasuka. Vidole vilijua kabla yangu, na kabla sijafikiri nilikuwa nimeshaagiza damu na nakunja mikono ya gauni.

Metroni alisimama mlangoni pa chumba cha upasuaji. "Wewe hapana. Kazi nyepesi."

"Mama, huyu mtu hana saa moja."

"Daktari msaidizi yupo."

Daktari msaidizi alikuwa ameegemea ukuta. "Bandama sijawahi kutoa peke yangu, metroni," akasema.

Basi nikasema. "Mama, mimi siumwi. Sina virusi. Barua ilikosewa kutafsiriwa. Mimi nilichoka tu."

Korido yote ilinigeukia, pamoja na wachimbaji, ambao hayakuwahusu.

"Ulichoka," akasema metroni.

"Ndiyo, mama."

"Tu."

"Ndiyo."

"Miezi miwili na nusu ninakukorogea uji. Nimefunga na kuomba. Nimekutafutia mume. Kwa kuchoka." Hakupaza sauti, na kwa mtu yule hiyo ndiyo ilikuwa ya kutisha. Mchimbaji mmoja mwenye tope mpaka kwenye nyusi akamwambia kijana mwenzake, "Mura, kumbe kuna watu wanatibiwa kuchoka," na mwenzake akauliza wanaandikishwa wapi.

Metroni alinipisha mlangoni. "Nenda kanawe mikono. Wewe nitakuja kwako baadaye."

Nilifungua tumbo. Damu ilikuwa nyingi kama nilivyotegemea, na wale kumi na tano walikuwa nje wamepanga foleni kutoa yao. Nilikuwa nimeogopa kwamba mikono itakuwa imesahau. Haikusahau. Nilishika mshipa, nikafunga, nikakata, nikaitoa bandama ikiwa vipande viwili, na damu ikasimama. Nilisikia raha ya kazi, ile ya mwaka wa kwanza, kabla sijaharibika. Nikaomba daktari msaidizi, aliyekuwa upande wa pili wa meza, avute kile chuma cha kushikilia ukingo wa jeraha kidogo kuelekea kwake.

Hakuvuta. Nikarudia. Nikanyanyua macho. Alikuwa amelala. Amesimama wima, macho yamefumba juu ya barakoa, anapumua taratibu, na mkono umeshika chuma vilevile nilivyouweka, haujalegea hata kidogo.

"Muache tu," akasema muuguzi wa dawa za usingizi. "Siku hizi huwa anafanya hivyo."

"Siku hizi tangu lini?"

"Tangu ulipokuja," akasema. Hakuwa ananilaumu. Alikuwa anatazama mapigo ya mgonjwa na kunijibu nilichouliza. "Zamu zako za usiku alipewa yeye juu ya zake."

Nilishona lile tumbo polepole ili nisimwamshe. Kwa miezi miwili na nusu nilikuwa nikijisifia kwamba nimepona, nikiisifu hewa ya Tarime, maziwa na sato. Kumbe uchovu wangu haukuwa umekwenda popote. Ulikuwa umetwishwa mtu mwingine, na mtu huyo kila jioni alipita mlangoni kwangu akaniambia nilale. Machozi yalinitoka yakaingia kwenye barakoa, na kwa kuwa mikono yangu ilikuwa na kazi sikuweza kuyafuta. Muuguzi aliyaona, akadhani ni kwa ajili ya mume wa Sirari.

Mchimbaji alipona. Wiki sita hazikupita akarudi shimoni, jambo linalonikasirisha mpaka leo. Metroni naye alikuja kwangu kama alivyoahidi, akasema yote aliyokuwa nayo, na sauti yake yote ikiwa imerudi. Watu huniuliza kama ni siku ile niliyoamua kutoacha ubingwa. Nilirudi chuoni, ndiyo, na nilimaliza, nikiwa nyuma ya wenzangu. Lakini siku ile sikuamua jambo kubwa hivyo. Nilichoamua ni usiku mmoja.

Tulipomhamishia mgonjwa wodini nilimkuta daktari msaidizi kwenye benchi la korido, kofia ya upasuaji bado kichwani, anajaribu kufungua faili la mgonjwa mwingine kwa upande usiofunguka. Nilimnyang'anya.

"Nenda kalale," nikamwambia. "Zamu ya leo ni yangu."

"Mpaka saa ngapi, dada?"

"Mpaka uamke."

Alinitazama kwa yale macho mekundu. "Utaweza?" akauliza, si kwa dharau. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua kama ni salama kufumba macho.

"Leo naweza," nikasema. Ya kesho sikuyajua, nikataka kumwambia hivyo pia, lakini alikuwa ameshalala palepale kwenye benchi.